Mwaka Tuliofundisha Kinyago

Tulipomaliza kumzika Mwalimu Ndasi kule Mollo, watu walikaa kwenye majamvi kula ugali na maharage ya msiba. Mjane wake alinigusa bega akaniashiria nimfuate. Sauti ilikuwa imemwishia kwa kulia. Alinipitisha nyuma ya jiko, akafungua mlango wa ghala, tukaingia penye harufu ya ulezi mkavu na magunia ya zamani. Alisogeza gunia moja la mahindi, na nyuma yake, kikiwa kimeegemea ukuta, nikakiona kinyago. Nilikijua kabla macho hayajazoea giza. Kichwa kimeinama, mkono umeshika shavu, mdomo uko wazi, na pua imemeguka ncha. Mimi ni mtu mzima, nilikuwa msibani na rozari mkononi, lakini nilicheka hadi nikajishikiza kwenye gunia. Mama Ndasi hakucheka. Aliurudisha mlango kidogo, akaniambia kwa mnong'ono, "Mwalimu Gaude, mzee aliniachia swali lako. Miaka yote umekuja hapa mnakunywa chai, mnaongea, alishindwa kukuuliza mwenyewe. Alisema, muulize Gaudensia kama ule mwaka nilimfungia njia." Kabla sijajibu, mtu akamwita kutoka nje, maji ya kunawa yamekwisha. "Ningoje humu humu," akasema, akatoka. Nikakaa juu ya gunia, uso kwa uso na kinyago.

Nilikuwa mwalimu mpya wakati huo, katika shule ya kijiji upande wa Kate. Tangu nikiwa chuoni nilikuwa nimekubaliana na masista wa mjini kwamba Januari nitaingia nyumba yao ya malezi. Nilikuwa nimeshaaga nyumbani, na sanduku langu lilikuwa limefungwa chini ya kitanda. Ndipo yakatoka matokeo ya darasa la saba, na shule yetu ikawa ya mwisho wilaya nzima. Siku hizi orodha inaingia kwenye simu, mtu anaisoma akiwa shambani kwake. Sisi tuliletewa habari na Mwalimu Mkuu mwenyewe, Mwalimu Ndasi, aliyekuwa ameitwa mkutanoni wilayani. Alirudi nyuma ya lori, amekaa na kitu kilichofungwa kwenye blanketi, kikubwa kama mtoto wa miaka mitatu. Alikiweka juu ya meza ya ofisi, akakifungua, akatueleza. Wilaya ilikuwa imeanzisha desturi: shule ya mwisho inapewa kinyago. Kikae juu ya meza ya Mwalimu Mkuu, kikitazama mlango, kila anayeingia akione. Mwakani, tukipanda, tutakikabidhi mbele ya watu kwa itakayokuwa ya mwisho. Na hadi siku ya kukikabidhi, hakuna mwalimu wa shule hiyo kuhama wala kupewa ruhusa ya kuacha kazi.

Mwalimu Didas, aliyekuwa mtu wa mizaha hata kwenye paredi ya asubuhi, alikizunguka kinyago mikono nyuma. "Huyu fundi alipokuwa anachonga alimtazama nani?" akasema. "Mbona ni mimi kabisa, Jumatatu asubuhi?" Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa bado nipo kwenye yale maneno ya mwisho. "Mwalimu Mkuu," nikasema, "mimi naondoka Januari hii." Akanitazama kwa upole wa baba, akajibu, "Ulikuwa unaondoka, mwanangu." Nilipeleka habari kwa Mama Mkuu wa masista nikitumaini atanipokea hivyo hivyo. Alinijibu kwamba hawapokei mtu aliyetoroka kazi ya serikali, nije nikiwa na ruhusa, na kwamba watanisubiri hadi Januari nyingine. Nilimshukuru Mungu kwa neno "watanisubiri", nikalirudisha sanduku chini ya kitanda bila kulifungua. Nguo zangu nzuri zilikaa humo mwaka mzima.

Kilichofuata ni kambi. Mkaguzi wa elimu alifika kwa pikipiki, amevaa koti refu la mvua kwa ajili ya upepo, akatangaza kwamba darasa la saba lote litalala shuleni, wazazi watawaona watoto Jumapili tu. Siku hizi watu kama yeye wanaitwa wathibiti ubora, na wanakuja na gari. Sitaki kumsema vibaya, kwa sababu hakuja mikono mitupu. Nyuma yake lilikuja lori na magunia ya maharage, karabai mbili, chaki, na mitihani ya majaribio iliyochapwa wilayani. Serikali ilikuwa inatubana kwa mkono mmoja na kutulisha kwa mwingine, na ukweli ni kwamba kabla ya hapo haikuwa imetugusa kwa mkono wowote. Wavulana walilala darasa la nne. Wasichana walilala stoo, nami nikalala nao, godoro langu likiwa limeziba mlango. Dirisha halikuwa na kioo, tulilijaza magunia. Mwezi wa sita kule juu upepo hauna adabu, unapita kwenye gunia kama unavyopita kwenye chekeche. Asubuhi uji wa ulezi, mchana makande, jioni ugali na maharage yale yale. Mpishi alikuwa Mama Skola, mwanamke mnene mwenye ulimi, ambaye tangu aliposikia habari ya masista hakuniita jina langu tena. "Sista wa maharage," alikuwa akiniita kutoka kwenye moshi, "njoo sogeza sufuria kabla hujaenda kuzungumza na malaika." Nilisogeza. Kengele ya parokia ilisikika kutoka ng'ambo ya bonde upepo ukiwa upande wetu, na kila ilipolia saa sita nilisimama kwenye uwanja wa vumbi nikasali Malaika wa Bwana. Naandika haya nikiwa na amani, lakini siku zile nilikuwa nasali huku nimeuma meno.

Ukuta kati ya stoo na ofisi ulikuwa wa matofali mabichi, na juu haukufika kwenye bati. Alasiri moja nilikuwa nakunja blanketi za wasichana, mkaguzi na Mwalimu Ndasi wakiwa ofisini, nikasikia kila neno. "Mwalimu, nakusaidia," mkaguzi alikuwa akisema. "Wale wa nyuma ndio wanaokuvuta. Hawajui kusoma. Warudishe darasa la sita, wajiandae taratibu. Wastani wako utapanda wenyewe, na hicho kinyago utakikabidhi." Mwalimu Ndasi akauliza: "Na mwakani, wakifika tena la saba?" "Mwakani ni mwakani." "Hapana, bwana. Nitawapa mwalimu wao peke yao." "Mwalimu gani? Huna mwalimu wa ziada." "Ninaye mmoja," akasema Mwalimu Ndasi. "Ana haraka kuliko sisi wote. Anataka kuondoka." Mkaguzi akacheka kidogo kwa pua. Nilikaa chini juu ya zile blanketi. Nilielewa kwamba mlango wangu wa kutokea umewekwa nyuma ya watoto wale, na kwamba sitaupita mpaka wao wapite kwanza.

Hakukuwa na chumba, kwa hiyo nilipewa ofisi yenyewe. Wale wa nyuma walikaa sakafuni mbele ya meza, na juu ya meza kilikaa kinyago. Wengi walikuwa watoto wa wafugaji waliohamia bondeni na ng'ombe wao kutoka Usukuma. Walikuwa wameingia shule wakiwa wakubwa, wakakuta darasa linaongea Kifipa wakati wa kucheza na Kiswahili wakati wa kusoma, nao hawana hata kimoja. Wengine walikuwa wetu, watoto wa hapo hapo kijijini, waliopoteza miezi kila mwaka kuwinga ndege kwenye ulezi. Miaka yote walikuwa wamekaa ukutani, wakinakili ubao bila kujua wanachonakili, na mwandiko wao ulikuwa mzuri kuliko wa wanaojua. Kati yao alikuwepo Minza, msichana mrefu aliyekuwa na kawaida ya kuziba mdomo kwa kiganja mtu akimtazama. Nilimwomba asome mstari mmoja. Aliziba mdomo. Nikabembeleza, nikanyamaza, nikakaripia. Wiki zikapita. Si kwamba hawakutaka. Kusoma vibaya mbele ya wenzao lilikuwa jambo la aibu kuliko kuchapwa, na wote walikuwa wamechagua kuchapwa tangu zamani.

Siku moja nilikuwa nimechoka hadi nimekaa sakafuni pamoja nao. Ubaoni niliandika sentensi fupi, mama analima mahindi, na hakuna aliyefungua kinywa. Minza alikuwa hatazami ubao, alikuwa anakitazama kinyago. "Mwalimu," akasema kupitia vidole, "na huyu, mbona hasomi?"

"Huyo ni wa mwisho," nikamjibu, bila kufikiri.

"Wa mwisho kutushinda sisi?"

"Kuwashinda wote. Wilaya nzima."

Akafikiri. Kisha akasimama, akachukua fimbo yangu ya kuonyeshea, akaenda mbele ya meza. "Wewe," akakiambia. "Tazama hapa. Ma. Sema." Akainama, akatega sikio kwenye mdomo ule wa mti, akasubiri, kisha akanigeukia kwa uso mkavu kabisa. "Mwalimu, anasema amesahau."

Chumba kizima kilicheka, nami nikacheka nao, na ilikuwa mara ya kwanza kuona meno ya baadhi yao. "Basi mrudie," nikasema. Akarudia. Ma, na ma, mama. A-na-li-ma. Alikisomea sentensi yote, kwa sauti, kiganja kikiwa kwenye fimbo badala ya mdomoni. Alipokosea alikilaumu kinyago kwamba ndicho kimemkosesha, akaanza upya.

Tangu siku hiyo tulifundisha hivyo. Sikumwambia mtoto yeyote anisomee mimi. Nilimwambia amfundishe yule, na aliyeshika fimbo alipaswa kujua. Walimpa jina, Mgeni, kwa kuwa alikuwa anakaa kimya kama wao walivyokaa siku walipoingia shule. Walimfundisha silabi, wakamfundisha kujumlisha, wakamsuta. "Mgeni, jana ulikuwa wapi?" "Alikuwa anachunga." "Mgeni, saba mara nane? Mwalimu, anatazama pembeni huyu, anataka kuibia kwa Kulwa." Sheria ilisema atazame mlango, lakini mwanafunzi hasomi akiwa ameupa ubao kisogo, kwa hiyo tulimgeuza. Mwalimu Ndasi aliona. Aliweka tu mtoto mmoja dirishani, na pikipiki ikisikika kutoka kwenye mteremko, Mgeni anageuzwa haraka kuangalia mlango, uso wake ule wa majuto.

Mara moja tulichelewa, kwa sababu mkaguzi alikuja kwa miguu baada ya pikipiki kumharibikia mtoni. Alisimama mlangoni na matope hadi magotini. Mgeni alikuwa anatazama ubao, kipande cha chaki kimechomekwa kwenye mkono ulioshika shavu. "Nani amekigeuza hiki?" akauliza. Watoto wakainamisha vichwa. Minza akasimama. "Amejigeuza mwenyewe, bwana. Alikuwa haoni ubao." Mkaguzi aligeukia dirishani, akakaa huko muda, mabega yakimtikisika. Kisha akavuta kiti cha Mwalimu Mkuu, akakaa, akatusikiliza hadi mwisho wa kipindi. Hakuzungumza tena habari ya kuwarudisha watoto darasa la sita. Safari iliyofuata alileta vitabu vya kusomea vya darasa la pili, vikuukuu, amevifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira, akavishusha mwenyewe.

Nisiseme mwaka ule ulikuwa wa furaha. Mwezi wa nane nilipata homa nikalala stoo nikisikia watoto wakisoma upande wa pili wa ukuta, na nilihesabu moyoni rafiki zangu walioingia kwa masista Januari bila mimi, sasa wanaimba masifu kwenye kanisa lenye sakafu ya saruji. Mama Skola aliniletea uji, akakaa mlangoni na mwiko wake. "Usilie, Sista wa maharage. Huko nako wanaamshwa mapema." Nikamwambia silii. "Haya, basi ni macho yanatoa jasho," akasema, akanifunika blanketi lake mwenyewe lenye harufu ya moshi. Bado nalikumbuka lile blanketi ninaposali kushukuru.

Mtihani ulikuja, ukaisha. Mwisho wa mwaka matokeo yalitoka, nasi hatukuwa wa mwisho. Hatukuwa juu, tulikuwa chini ya katikati, lakini nyuma yetu kulikuwa na shule kadhaa. Minza hakuchaguliwa kwenda sekondari. Wakati ule nafasi zilikuwa chache na yeye alikuwa ameanza kusoma mwaka ule ule. Lakini baba yake alikuja shuleni na debe la maziwa, akasema kwa Kiswahili chake cha shida kwamba mnadani sasa binti yake ndiye anayesoma tangazo, na watu wa minada wamekuwa na adabu.

Januari tulikwenda wilayani kwenye mkutano, Mwalimu Ndasi na mimi. Yeye alimbeba Mgeni kwenye gunia. Mimi nilibeba sanduku langu, kwa sababu tulikuwa tumekubaliana kwamba kinyago kikishakabidhiwa nitaandikiwa ruhusa pale pale, na jioni nitalala kwa masista. Nilikuwa nimevaa moja ya zile nguo nzuri. Ukumbini tulipangwa karibu na shule iliyokuwa ya mwisho, shule moja ya mbali huko bondeni. Mwalimu wao mkuu alikuwa mzee aliyefunga vifungo vyote vya koti hadi shingoni, mikono ameibana kati ya magoti. Kando yake alikaa mwalimu wa kike wa umri wangu. Akaliangalia gunia letu.

"Dada, ndicho hicho?"

"Ndicho."

"Na ni kweli watu hawahami?"

"Ni kweli."

Akauchezea ukingo wa kitenge. "Nina mtoto mchanga," akasema. "Nimemwacha kwa mama, kule Mwimbi. Nilikuwa nimeomba kuhamia huko." Hakuniomba kitu. Alisema tu, kama mtu anavyomwambia abiria mwenzake anakoshuka.

Wakaita jina la shule yetu tukabidhi. Mwalimu Ndasi hakusimama. Aliniinamia sikioni. "Mwalimu, nikimtoa huyu, leo unalala kwa masista. Nisipomtoa, sisi ndio tunabaki tumefungwa, wewe pamoja nami. Sema wewe." Jina letu likaitwa mara ya pili. Ningependa kuandika kwamba nilisali, lakini muda haukuwepo. Nililitazama sanduku. Niliutazama ule ukingo wa kitenge. Nikawaza kile chumba chao huko bondeni, meza yao, na Mgeni juu yake akitazama mlango, bila mtu wa kumgeuza.

"Sisi tumeshamzoea," nikasema.

Mwalimu Ndasi akasimama. "Ndugu mwenyekiti," akasema, "yule mwanafunzi hajamaliza masomo. Tunaomba aendelee kubaki kwetu." Watu walicheka, kisha wakaelewa, ukumbi ukatulia. Alikaripiwa mbele ya wote, na mwaka huo huo akapewa onyo. Lakini kinyago hakikuwa na mwenzake, na kwa kuwa hatukukikabidhi, hakikuwepo cha kuwapa wale wa bondeni, nao hawakufungwa. Mwaka uliofuata desturi yenyewe ilikufa kimya kimya. Sisi tulibaki tumezuiwa mwaka mwingine. Nilirudi na sanduku langu juu ya gari la mahindi, na Mama Skola aliponiona nikishuka aliweka mikono kiunoni akatazama nguo yangu nzuri iliyojaa vumbi. "Sufuria ipo pale pale," akasema.

Ruhusa ilipopatikana mwaka uliofuata, sikwenda. Watoto wengine walikuwa wamekaa sakafuni mbele ya meza. Nilifundisha hadi kustaafu, na sasa Jumamosi nawasomesha watoto kwenye ukumbi wa parokia. Namshukuru Mungu kwa maisha haya, nasema hivyo kila siku kabla ya kulala. Hata hivyo kengele ikilia saa sita na upepo ukiwa upande wangu, kuna mtu ndani yangu bado amesimama uwanjani na sanduku. Sijui kama nilibaki kwa wito au kwa mazoea, kama mtu aliyefunguliwa mlango akaendelea kukaa. Mwalimu Ndasi naye hakujua. Aliniuliza mbele ya ukumbi mzima, huku jina likiitwa, na nadhani ndicho kilichomsumbua, kwamba mtu akiulizwa hivyo hana nafasi ya kukataa.

Mama Ndasi alirudi ghalani akipangusa mikono. Alisimama akisubiri, nami sikutaka kumdanganya mwanamke aliyetoka makaburini.

"Alinifungia, mama," nikasema. "Ni kweli alinifungia." Akainamisha uso. Nikasimama, nikakishika kinyago kwapani, kilikuwa chepesi kuliko nilivyokumbuka, au ni mchwa waliokila. "Sasa nipe kanga, nimpeleke nyumbani." Kisha akavua kanga yake ya mabegani, nikainama, akamweka Mgeni mgongoni kwangu, tukamfunga pamoja, yeye nyuma, mimi mbele.

Nilipotokeza uani, watu kwenye majamvi wakaacha kula. Minza alikuwepo, sasa ni bibi mwenye wajukuu, amekuja na Wasukuma wenzake, ambao tangu waanze kuzika pamoja nasi wamekuwa watani wetu na hawaachi msiba ulie peke yake. Ndiye aliyeniona kwanza. "Jamani, Sista wa maharage," akapaza sauti, "uzee wote huu, umejifungua lini? Hongera." Watu wakacheka, hata Mama Ndasi. Minza akaja kunipokea, akaifunua kanga kumwona mtoto, na kicheko kikamkauka mdomoni. Alimtazama hivyo, ile pua iliyomeguka, ule mdomo wazi. Halafu akasogea karibu.

"Ma," akamwambia. "Sema."

Akainama, akatega sikio, akasubiri.